Udongo wa Shamba Lako Uko Baharini

Kwa Mzee Kimeu,
Shimba Hills,
Kwale.

4 Oktoba 1998

Mpendwa ndugu yangu Muange,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, Eunice na watoto, huko Gaborone mlikokwenda kutafuta maisha. Sisi huku hatujambo, ila Mama anasumbuliwa na magoti kila asubuhi, na mimi jino moja la nyuma lilinitesa hadi nikaenda kuling'oa Msambweni. Vipi kifua cha mtoto mdogo? Uliandika kwamba baridi ya huko inaingia hadi mifupani. Mvalishe sweta hata akilia.

Nimeandika kwa Kiswahili na si kwa Kikamba kwa makusudi. Nataka Eunice aisome mwenyewe mwanzo hadi mwisho, maana nakujua, ungemsomea nusu inayokupendeza. Barua yenyewe ni juu ya shamba lako la kando ya mto. Sijalilima tangu Agosti, na vuli hii sitaki lilimwe. Keti kwanza, nikueleze.

Habari za mvua ya Elnino ulizisikia kwenye redio, lakini redio haikukwambia ya kwetu. Ilianza Oktoba mwaka jana ikaendelea hadi baada ya Mwaka Mpya. Mto ule tuliokuwa tukiuvuka kwa kupandisha sketi kidogo ulifika kwenye migomba yako, ukaing'oa, kisha ukaanza kuula ukingo wenyewe. Nilisimama na shemeji yako Kimeu tukaangalia kipande cha shamba lako kikiteremka majini polepole, nyanya zikiwa bado zimefungwa kwenye vijiti vyake. Kimeu akavua kofia. Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikalia.

Kusema kweli sikujiuliza udongo ule ulikuwa unakwenda wapi. Miaka yote hii niliyokaa Kwale, bahari kwangu ilikuwa kitu cha kuletewa na Mejumaa ndani ya ndoo. Unamkumbuka Mejumaa, yule mama karanga wa Gazi anayetupandishia samaki wa kukaanga kila Alhamisi? Mimi nampimia ndengu kwa kibaba, yeye anaziita pojo na kunicheka Kiswahili changu. Mwaka jana, baada ya yale machafuko ya Likoni ya kuwafukuza watu wa bara, sisi tulipokuwa tukilala kanisani na majirani wengine wamenyamaza kimya, Mejumaa alipanda mlima peke yake kuja kutazama kama tu hai. Tangu siku hiyo namhesabu dada.

Basi Aprili alikuja na ndoo tupu. Aliniambia, "Shoga, hili siwezi kukuhadithia. Twende ukajionee." Nikavaa viatu vya mpira vya Kimeu nikamfuata.

Maji yalikuwa yamekupwa sana, tukatembea mbali hadi kwenye mwamba. Maji yaliyobaki kwenye vidimbwi yalikuwa na joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Mejumaa alinionyesha matumbawe. Alisema yalikuwa ya kahawia, mengine zambarau, mengine kijani, na kwamba ameyajua tangu akiwa msichana wa kufuatana na nyanya yake kutafuta pweza. Sasa yalikuwa meupe pe, eneo lote, kila nilipogeuza macho. Sikuwa nimewahi kuona matumbawe maishani mwangu, lakini nilijua kwamba ninaangalia kitu kilichopatwa na msiba.

Tulipokuwa tunarudi, upande ule mto wetu unapoingilia baharini, aliinama akachota kitu katikati ya majani ya baharini akanitilia kiganjani. Ulikuwa udongo mwekundu. Muange, mimi nimeulima udongo huo tangu Baba alipopewa shamba. Niliujua hata kabla ya kuunusa. Mejumaa hakunilaumu. Alinisindikiza hadi barabarani.

Wengine walilaumu. Haikupita muda ikasemwa kotekote kwamba watu wa bara wameiua bahari kwa udongo wao na dawa zao za mahindi. Wanawake wa kwetu wakishuka kununua samaki wanaambiwa hakuna, na samaki wanawaona kwa macho. Mejumaa alikatazwa na nduguze kupanda kwetu. Nilihesabu Alhamisi zikipita bila yeye, na moyoni nikawa naogopa yale ya mwaka jana yasije yakarudi. Mama alifunga vyombo vyake katika kanga akaviweka karibu na mlango.

Hapa nikukumbushe jambo. Sisi ni watu wa Machakos, na kuchimba matuta ya kukinga maji mteremkoni ni kazi tuliyozaliwa tukaikuta. Lakini unakumbuka Baba alivyokuwa akisema, kwamba matuta ya mkoloni aliyachimba kwa kusimamiwa na kiboko, na siku alipopata ardhi yake mwenyewe huku Pwani aliapa hatachimba hata tuta moja. Kwake kutokuwa na matuta ndio ulikuwa uhuru. Wazee wenzake walikuwa hivyo hivyo, na sisi watoto tukarithi kulima moja kwa moja kutoka juu hadi majini, tukijisifu kwamba ardhi ya huku haitaki kubembelezwa. Sasa nikipita katika mashamba yetu naona aibu. Baba simlaumu, alikuwa na sababu zake, lakini mvua haikuziuliza.

Mwezi wa Juni kuliitishwa baraza, watu wa mlimani na watu wa baharini pamoja. Aliyezungumza ni kijana Mgiriama aitwaye Harrison, anayefanya kazi na watu wanaochunguza bahari. Eunice angemfurahia kijana huyo wa kwao, anazungumza kama shemeji zako, taratibu na kwa adabu. Alisema tumbawe si jiwe bali ni kiumbe hai kinachojijengea nyumba ya chokaa, na mwilini mwake mnaishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo hukipa rangi na chakula. Maji yakizidi joto, mimea hiyo hutoka, na tumbawe hubaki jeupe na lenye njaa. Joto la mwaka huu, alisema, limepita pwani yote hadi Tanzania na visiwa vya mbali, hata mahali pasipo na mto wala mkulima. Akaongeza kwamba wataalamu wanaogopa litarudi tena na tena, kwa sababu moshi wa viwanda na magari ya ulimwengu mzima unaongeza joto la dunia.

Basi hapo watu wa kwetu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa mbele, nikamwona Harrison akishangaa, maana alikuwa hajamaliza. Aliendelea kusema kwamba tumbawe jeupe halijafa bado, linaweza kupona likipumzishwa, na kwamba udongo na nyavu mbaya ndivyo vitu tunavyoweza kuviondoa sisi wenyewe bila kungoja mtu. Lakini watu walikuwa wamekwisha kusimama wanapeana mikono. Kimeu alirudi nyumbani amechangamka kama mtu aliyeshinda kesi. "Mama Muema," akaniambia, "tumesafishwa. Kumbe ni moshi wa Wazungu."

Nami nilifurahi, sitakuficha. Alhamisi iliyofuata Mejumaa alipanda na ndoo yake, tukakumbatiana pale uani hadi Mama akatucheka. Mama alivifungua vyombo vyake.

Furaha yenyewe haikukaa. Wiki ile ile wanaume wa kwetu walishuka mtoni na mapanga, wakafyeka hata vile vichaka vilivyokuwa vimebaki kushikilia ukingo, kwa kuwa sasa hakuna wa kuwasema. Na siku moja Mejumaa alipofunua ndoo, niliona changu na tafi wasiozidi urefu wa kidole. Nikamwuliza wametoka wapi samaki hao. Akasema ni wa juya, ule wavu wa macho madogo unaokokotwa kwenye maji mafupi na kuzoa kila kitu, ambao wavuvi wenyewe walikuwa wameanza kuuacha. Nduguye Chome ndiye mwenye juya.

"Chome na wenziwe wasema, ikiwa bahari yachemshwa na moshi wa Ulaya, juya lao litaharibu nini tena?"

Nilikasirika, Muange, na sikujua nimkasirikie nani. Maneno ya Harrison yalikuwa ya kweli, na watu walikuwa wameyafanya mto wa kulalia. Unakumbuka ile njaa ya utotoni mwetu, kabla hatujahamia huku, Mama alivyotulaza na njaa na mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya meko? Nilimwambia Mejumaa kwamba hawa aliowaleta ni mbegu.

"Wafikiri sijui?" akasema. "Nayajua ya baharini kuliko wewe na viatu vyako vya mpira. Nikiwakataa, wanangu wale mchanga?"

Nikamwambia, "Wewe ukiacha kununua hawa, mimi naacha kulima ukingo wa mto." Yalinitoka kabla sijayafikiri, na ukingo wenyewe si wangu, ni wako. Mejumaa akauliza kama ndugu yangu amekubali. Nikasema atakubali.

Ndiyo hali tuliyo nayo. Mejumaa hajanunua samaki wa juya tangu siku ile. Anakaanga mihogo na bajia, na Chome hamwamkii, anasema dada yake amemwaibisha mbele ya watu wa bara. Mimi nimepanda nyasi za nepia na matete kwenye ukingo wako wote, na juu yake nimechimba matuta. Niliita mwethya wa akina mama wa kanisa, tuchimbe kwa pamoja kama tulivyokuwa tukifanya Machakos, nikadhani watajaa. Walikuja wachache, wengine wakaniuliza kama nimerudishwa ukoloni. Kimeu amenuna. Anakula chakula changu bila kusema ahsante, kitu ambacho si tabia yake, na anachokisema kinaniuma kwa sababu ni kweli: mboga za shamba lile ndizo zinazomweka shuleni binti yako Dianah uliyetuachia na kumlisha Mama, na mwenye shamba hajaulizwa.

Mwezi uliopita nilishuka tena na Mejumaa. Mengi yamekufa na kuota utelezi wa kijani. Lakini upande wa mbali, kusikofika maji ya mto, alinionyesha matumbawe yaliyorudi rangi ya kahawia, machache, yametawanyika. Alikuwa anayagusa kwa ncha ya kidole kana kwamba anapima homa. Upande wetu, penye udongo, tulitafuta hadi maji yakaanza kujaa, hatukupata hata moja. Nilimwuliza Harrison, akasema tusifanye haraka kutoa hukumu, bahari ina mambo mengi. Mimi si mtaalamu. Nakwambia nilichokiona.

Joto la dunia siliwezi, na moshi wa viwanda siujui unapozimiwa. Likirudi, litatukuta tulipo. Ninachotaka ni kwamba likirudi lisikute pia udongo wa nyumbani kwetu umeyakaa matumbawe kooni. Naogopa, Muange. Nikiamka usiku nikasikia ngurumo, zamani nilikuwa nashukuru. Siku hizi nalala nikisikiliza.

Najua ninachokuomba. Itabidi umlipie Dianah karo kutoka huko kwa muda, na ile ndoto yako ya kustaafu kwenye bustani kando ya maji itabidi uisogeze juu zaidi, karibu na nyumba ya Mama. Nimekutafutia mahali pazuri penye mwembe mchanga. Shamba ni lako na sijasahau. Ukisema lilimwe, mwakani njoo ulilime kwa mkono wako. Jembe langu halitashuka tena pale.

Mama anakusalimu sana na kuuliza kama huko kuna ndengu. Dianah anawaamkia nyote, amekuwa mrefu kuliko mimi. Muema wangu anakuuliza ile raketi uliyomwahidi. Kimeu naye amesema nikusalimu, hiyo ni dalili njema. Mejumaa anakupa salamu nyingi na kukushukuru kwa kukubali. Mnisalimie wazazi wa Eunice mkiwaandikia, na watoto uwabusu mmoja mmoja, usiwajumlishe.

Mungu aliyewavusha mipaka awatunze huko, awape afya na kazi yenye amani, na atuonyeshe tena nyuso zenu kabla Mama hajazeeka zaidi.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Syovata

Tanbihi: Utauliza kwa nini sikupiga simu, na kibanda cha simu kiko pale Ukunda, na namba ya jirani yenu ninayo. Nilikwenda Ukunda Jumamosi, nikashika mkonga wa simu, nikaurudisha. Barua kuja huko huchukua karibu mwezi. Ukiwa unaisoma hii, vuli itakuwa imekwisha kushika na wakati wa kupanda umepita. Ungenikataza, ningelazimika kutii, nami nimekwisha kumwambia Mejumaa kwamba umekubali.