Chai Haijapoa

Chepchirchir, uko? Mimi bado sijaamini.

Unakumbuka mwaka wa El Niño Gesare alimpigia magoti yule meneja wa shamba, ndege yao impeleke mumewe Masese hospitali ya Bomet. Meneja akasema Bomet ni mbali. Masese akafia barabarani, trekta iliyombeba imekwama kwa matope. Na ni Gesare alikuwa anafukuza ng'ombe uwanjani ndiyo hiyo ndege iruke.

Sasa leo harusini huyo meneja, sasa ni mzee, anachekesha watu ati, "Tulikuwa tunaruka na ndege mpaka Bomet kufuata nyama choma, unafika chai haijapoa."

Chai haijapoa. Na ni Gesare alikuwa anammiminia.

Mzee akamtambua. "Mama, na Masese alifika?"

Gesare akamwongezea maziwa. "Bado yuko njiani."