Mnyama wa Vidole Vitatu

Buswelu, Mwanza
9 Julai 1995

Dada Dorotea,

Shikamoo. Huku wote wazima, ila mbuzi mmoja anakohoa. Kitenge ulichonitumia kutoka Dar nimekipata, na rangi imenikaa kweli kweli.

Habari kubwa ni mnyama. Watu wanasema anatoka mtoni alfajiri, na mguu wake wa kushoto una vidole vitatu tu. Wengine wameacha hata kuteka maji. Baba, uliyemwacha hataki kutoka kitandani, sasa kila asubuhi anakwenda kukagua nyayo kwenye matope. Juzi nilimfuata. Dada, ni nyayo za mtu. Zinapanda mpaka kwenye ua wetu wa minyaa, halafu zinageuka kurudi mtoni.

Unakumbuka jembe lililomkata kaka Machibya vidole viwili vya mguu wa kushoto. Na unakumbuka alipouza fahali wa Baba akanunue nyavu za sangara, Baba alivyomfukuza: "Usikanyage tena ndani ya minyaa yangu!"

Baba hajamtaja mpaka leo. Ila kila siku ananiambia nipakue ugali na dagaa, eti chambo cha mnyama, anakwenda kuuweka ukingoni. Jioni anarudi na sahani imeoshwa. Mnyama gani huyo anayeosha vyombo?

Leo asubuhi Baba alichukua panga, nikadhani anamwendea mwenye nyayo. Kumbe anakwenda kukata minyaa, pale pale nyayo zinapogeukia. Ameacha upenyo wa kumtosha mtu mzima.

Nimeongeza unga kwenye sufuria.

Mdogo wako,
Selina