Gego la Mwisho la Kijana wa Ghalani

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara kachungulia taya la yule maiti wa ghala lililoungua, kaniambia meno mabovu hayatoi vinasaba, nitavuna vijidudu tu. Mwongozo unataka jino zima. Jino zima lipo wapi? Yamebaki magego mawili, yote yametoboka, na mifupa imeungua vibaya. Ijumaa ya wiki ijayo watamzika bila jina.

Yule mama yupo tena kwenye benchi la korido. Mwanawe alikuwa mlinzi pale ghalani. Anasema alimgombeza miaka nenda rudi aende kwa daktari wa meno, akawa anamkimbia. Leo kaniuliza kama meno hayo ndiyo yatamponza.

Uozo uko juu. Mzizi ulikuwa ndani ya taya, moto haukuufikia. Sikubali!

Alhamisi, 6 Machi
Gego la kwanza limekwenda na maji. Nilikwangua uozo, nikakata mzizi, nikausaga. Matokeo safi ajabu — lakini na ya mate aliyotoa yule mama hayaoani hata kidogo. Nikayalinganisha na ya wafanyakazi. Ni yangu! Nilishusha barakoa nikapuliza unga wa mzizi, kama anayepoza chai.

Mkuu kacheka mpaka kavua miwani. Hongera, kasema, marehemu kapatikana, na kumbe ni mwajiriwa wetu. Sasa korido nzima inaniita Marehemu. Nimelia chooni kwa aibu. Halafu nimenawa uso.

Jumatatu, 10 Machi
Mkuu kasema gego la pili lisiguswe. Nikaitikia, sawa mkuu. Alipoingia kikaoni nikaligusa. Barakoa mbili. Glavu mbili. Mdomo nimeufunga.

Ijumaa, 14 Machi
Saa nne asubuhi. Gari la mazishi liko getini. Karatasi ya matokeo imetoka — ni mwana wa yule mama! Nimeirudia mara tatu, na vinasaba vyangu havimo.

Mkuu kaisoma. Kasema jino bovu ni jino bovu, mwongozo ni mwongozo, mazishi yaendelee, karatasi ataituma kwa wakubwa. Nikamwuliza huyo mama nimwambie nini. Akadai ufunguo wa kabati la mifupa, ipakiwe garini.

Uko kwenye soksi yangu. Nimekuja kukaa hapa benchi. Dereva anapiga honi. Mkuu anakuja, mkono kaunyoosha. Mama ananiuliza kama lile jino limesema kitu.

Nafunga daftari. Nimjibu yeye kwanza.