Soli za maji ya mfongo

Jovin, mwenzio leo nimeumbuliwa mbele ya karakana nzima ya viatu.

Si unajua meneja ndiye aliyesema soli tuzipoze kwa maji baridi ya mfongo, ule mfereji utokao mlimani, ili zitoke upesi? Basi leo kaleta mtaalamu. Kaikunja soli yangu mara moja tu, ikapasuka! Mara moja, Jovin!

Anasema mpira ule una punje ngumu ndani ya ulaini. Ukipoa taratibu, punje zinajipanga na kuushikilia. Ukiushtua kwa baridi, zinabaki shaghalabaghala, na kwa macho huoni kitu.

Meneja akanigeukia: "Mzee, nani alikwambia utumie maji ya mfongo?"

Nikamjibu, "Si wewe!"

Akacheka. "Mzee kachanganyikiwa tangu afiwe na mkewe." Na wenzangu wakacheka! Wakubwa hawa, hata marehemu Monica wamemfanya kichaka cha kujifichia.

Hilo nimelimeza. Kinachonitetemesha ni binti yangu Lukresia. Ametoka asubuhi kubeba mizigo ya wageni mlimani, na viatu nilimpa mimi, soli zilezile.

Nampigia, hapatikani. Wewe uko hapo kwenye geti la kupandia mlima. Mzuie asipande. Akibisha, mvue viatu mwenyewe.