Mwenye Kupika Anaonja Mbele

Jumamosi, 1 Novemba

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu Mwanvua: chai ya bibi yetu Mwavita, ile inayosifiwa barabara yetu nzima hapa Kamenge mvua ikinyesha — napika mimi.

Si kwamba namsaidia. Napika. Tangu homa ya mwaka jana Bibi hasikii harufu. Hajasema. Nilijua siku alipotia bizari mahali pa iliki, akaonja, akasema iko sawa. Anasikia ukali tu: tangawizi, pilipili manga, vitu vya kuchoma ulimi. Harufu, hakuna. Siku hiyo nilimwaga sufuria nzima nyuma ya choo, nikapika upya kabla watu hawajaja. Wakasifu. Bibi akasema asante. Mi nikaangalia miguu yangu.

Shuleni najua kunyamaza kwa lugha mbili, Kifaransa na Kirundi. Nyumbani nanyamaza kwa Kiswahili. Prof wetu anasema shajara iandikwe kwa Kifaransa, itatunyoosha sarufi. Hii si ya prof.

Leo kaka Radjabu amerudi kutoka kazini kiwandani, Zone Industrielle, ameloa, meno yanagongana. Akanywa vikombe viwili bila kukaa. "Bibi, hii chai inafukuza baridi mpaka kwa mifupa." Nilikuwa nyuma ya pazia, nacheka peke yangu. Nilijisikia mrefu.

Jumapili, 2 Novemba

Mwanvua amejifungua! Mvulana. Analia kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Akika itakuwa Jumamosi, hapa kwetu. Baba ameshaanza kutafuta mbuzi.

Jumanne, 4 Novemba

Balaa. Mama Ilias, jirani yetu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara hata akiwa amekaa karibu yako, amekuja kumwona Mwanvua. Akatangaza: "Jumamosi mi nakuja asubuhi, nakaa hapa jikoni, naangalia mikono ya Bibi. Atanificha hii chai mpaka lini?"

Bibi akacheka. "Karibu. Macho haina pazia."

Mi nikadondosha kijiko.

Akikaa pale, nitapika upya saa ngapi? Bibi akikosea mbele ya wakwe wa Mwanvua, watasema Bibi amekwisha. Hawatamwita tena, si kwa arusi, si kwa matanga, si kwa mzazi. Na nikisema kitu, basi ni mimi nimemwaibisha. Sijui lipi baya zaidi. Shuleni leo niliitwa kusoma, nikasoma mistari miwili, prof akasema asante, keti, hatusikii.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepika ya mazoezi. Tangawizi naiponda na ganda lake, siimenyi. Nguvu iko karibu na ganda. Inachemka na mdalasini na pilipili manga mpaka mvuke wake uchome macho. Mchaichai wa pale ukutani kwa bafu, majani marefu, nayafunga fundo yasitawanyike. Karafuu kidogo sana, la sivyo ulimi unakufa ganzi. Majani ya chai, hapana, sitii hata moja. Iliki ni ya mwisho, sufuria ikishatoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, halafu nafunika haraka. Ikichemshwa inakimbia yote, inabaki jina tu.

Nilipofika kwenye iliki Bibi aliinuka. "Naenda kuangalia mvua." Ndivyo anavyosema kila mara, na kila mara ni hapo hapo.

Leo haikunyesha.

Je, anajua kwamba najua? Huwezi kumuuliza Bibi kitu kama hicho. Lakini jioni alifunga uzi mwekundu kwenye mkebe wa iliki, akafunga mara mbili, mbele yangu. "Nisichanganye." Nikashukuru Mungu. Jumamosi mkono wake utauona uzi, hata kama pua yake haioni kitu.

Jumamosi, 8 Novemba

Vidole vinanuka iliki bado. Naandika hivyo hivyo.

Mvua ilianza alfajiri. Turubai la uani likajaa maji, likainama, wanawake wote wakakimbilia jikoni na vitunguu vyao. Mama Ilias alikuwa ameshakaa, magoti yake yanakaribia makaa, na wakwe wa Mwanvua nyuma yake. Hapakuwa na nafasi hata ya paka. Bibi juu ya kigoda chake. Mi ukutani, nimekumbatia termosi.

Tangawizi, sawa. Mdalasini, sawa. Mchaichai aliufunga fundo mwenyewe, zuri kuliko langu. Kisha akatoa sufuria motoni, akanyoosha mkono kwenye mikebe. Uzi mwekundu ulikuwa pale, mtu yeyote anauona. Mkono ukaupita. Ukachukua bizari.

Nilingoja mtu aseme. Nani angesema? Mikebe ni ya kwetu, imefunikwa. Bibi akaanza kufungua.

"Bibi, leta. Nitaweka mi."

Ilikuwa sauti yangu. Jikoni nzima ikageuka.

"We mutoto," Mama Ilias akasema, "wacha mukubwa afanye kazi yake. Mi nimetoka kwangu na mvua kuangalia mikono ya Bibi, si ya kwako."

"Kumbe huyu anasemaga?" mmoja wa wakwe akauliza. Wakacheka.

Bibi hakucheka. Alifunika mkebe wa bizari, akainuka polepole, akanishika bega, akanikalisha kwenye kigoda chake. Kilikuwa na joto bado. Akamwambia Mama Ilias: "Ulitaka mikono. Angalia hii."

Nikaponda iliki. Nikatia, nikafunika. Vitunguu vilisimama, visu vilisimama. Nilipofunua, niliona pua zao zinainuka moja moja, kama watu wanaoitwa majina. Pua ya Bibi haikuinuka. Alikuwa ananiangalia mi.

Kikombe cha kwanza Mama Ilias alimimina, akampa Bibi. Ndiyo desturi kwetu Burundi: anayetoa kinywaji anaonja kabla ya mgeni, mgeni aone hakina kitu kibaya ndani. Siku zote kikombe hicho ni cha Bibi. Alikipokea. Akakipitisha kwangu.

"Mwenye kupika anaonja mbele."

"Lakini amepika ya leo tu," Mama Ilias akasema.

"Ile ya arusi ya Ilias wako, ulikunywa mpaka ukaomba ya kubeba. Mwenyewe ni huyu."

"Na we Bibi? Na sifa zetu zote?"

"Mulikuwa munasifu chai. Mi nilikuwa nazipokea tu, sababu mwenyewe ana haya."

Waliangua kicheko mpaka mtoto akaamka chumbani. Neno la pua Bibi hakulisema. Hakuna aliyeuliza.

Nikaonja. Ilinichoma koo, ikashuka, ikafika kwenye vidole vya miguu. Ilikuwa nzuri. Naliandika kwa sababu ni kweli na kwa sababu hakuna anayesoma: nzuri kuliko zote. Mama Ilias akanywa, akafunga macho, hakuyafungua mpaka kikombe kiishe. "Mutoto, umeweka nini?" Nikamwambia. Kimoja kimoja, kuanzia ganda la tangawizi. Hakuna aliyesema hatusikii.

Uzi ule alifunga yeye mwenyewe, na macho yake ni mazima. Nimefikiria sana. Sasa hivi, akipita kwenda kulala, amenigonga kichwani kwa kidole kimoja.

"Khadidja. Mi nilichoka kuangalia mvua."

Jumapili, 9 Novemba

Maji yameingia kwenye nyumba kule Buterere. Radjabu anasema watu wamelala ndani ya shule, watoto kwenye sakafu, hawana nguo kavu. Wanawake wa barabara yetu wanapeleka chakula leo.

Namsikia Mama Ilias uani. Anataka na chai, sufuria kubwa, na ipikiwe huko huko, wanywe ikiwa moto. Bibi anamjibu kwamba chai si yake. Muulize mwenyewe, yuko chumbani.

Kule siwajui watu. Wakinitazama wote? Jana Bibi alikuwa nyuma yangu, na magoti yake hayawezi kumfikisha Buterere.

Kandambili za Mama Ilias, ukumbini. Nikisikia mtu, daftari hili huwa naliingiza chini ya godoro. Nimeshafunika ukurasa kwa mkono.

Kurasa za siku za nyuma nazikunja. Siri ya humo si yangu kuitoa. Huu wa leo ni wangu. Naondoa mkono.

Anabisha. Sufuria yetu ni ndogo, itabidi ile ya msikiti, na tangawizi ya kujaza beseni, na mchaichai nikate sasa hivi kabla mvua haijarudi, na mkebe wenye uzi niubebe mwenyewe, usi—