Sikio la Kabula

Jumapili, Buhongwa

Saba! Kabula ana miaka saba, nilimzaa mwenyewe, lakini mwalimu mkuu anaamini mkono wa mtoto tu. Juzi nilipompeleka kuandikishwa darasa la kwanza, alimwambia aupitishe juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, vidole vikaishia kwenye nywele. "Bado mdogo huyu, mama. Mrudishe nyumbani."

Mpaka sasa nina hasira.

Leo tulikwenda kwa jirani kuangalia televisheni yake mpya. Walikuwa wanaonyesha wasichana wa Ulaya wakishindana sarakasi. Mtangazaji akasema mmoja ana miaka kumi na sita. Mama mkwe, aliyekuja jana kutoka Usagara, akaguna.

"Kumi na sita wapi! Huyo hata meno ya utoto hajamaliza kung'oa. Mwambieni ashike sikio."

Watu wakacheka. Huenda binti huyo naye ana mama yake huko kwao, anayeapa mpaka sauti inamkauka.

Mara yule binti akalala kifudifudi, akapinda mgongo, akaweka nyayo zote mbili juu ya kichwa chake.

"Eeh! Huyo apelekwe chuo kikuu moja kwa moja," akasema mama mkwe.

Tangu turudi, Kabula anajipinda mkekani. Naogopa ataumia mgongo. Na mwaka huu asipopokelewa, sijui nitamwacha na nani nikienda sokoni...

"Mama, nimeshika!"

Kweli alishika sikio. Kwa kidole gumba cha mguu.

Kesho tunarudi kwa mwalimu mkuu. Nimemwambia Kabula asivae viatu.