Volti Tisa za Uongo

Jumapili. Mvua imekatika, jua kali limerudi hapa Mugoma, na tangu tutoke kanisani sijazungumza na mtu ila jirani mmoja. Hata haya nikienda kuyapandisha kwenye blogu Ngara mjini, sijui nani atayasoma.

Leo jioni kulikuwa na kipindi cha salamu redioni. Salvatori alipopanda lori la wakimbizi wanaorudi Burundi, aliahidi kunisalimu humo nijue amefika salama. Miaka yake yote ya kambini tumetengeneza redio kwenye meza moja gulioni. Sina rafiki mwingine.

Kipindi kinakaribia, redio ya marehemu baba ikagoma. Inatoa neno moja, inakata. Nikapima betri zake sita: volti tisa kamili. Basi nikajua ugonjwa uko ndani. Nikaifumua, nikagusa kila waya, nikaitukana mpaka jirani yangu Mama Odilia akachungulia uani.

"Fundi, leo unagombana na nani tena?"

Nikaona aibu. Nyumba hii haina mtu wa kugombana naye.

Ndipo nikamkumbuka Salvatori alivyokuwa akinishika mkono. "Reka! Acha! Usipime imezimwa. Ikiwa imelala, kila betri ni nzima. Iwashe ifanye kazi, ndipo upime." Nikaiwasha, nikapima tena. Volti zikaporomoka hadi nne. Na asubuhi ni mimi niliyezianika betri hizo juu ya bati zipate nguvu, kama tunavyofanya wote huku. Nguvu yenyewe ilikuwa ya kudanganya kipimo tu.

Fundi mzima!

Mama Odilia alikuwa na betri mpya ndani, akanipa zote. Redio ikaimba vizuri, kipindi ndiyo kwanza kinaanza. Nikasikiliza salamu za Rusumo, za Nyakanazi, za watu nisiowajua wakiwasalimu watu nisiowajua, mpaka wimbo wa mwisho.

Jina langu halikutajwa.

Kabla ya kipindi niliomba redio ipone. Sasa natamani ingebaki mbovu, nilale nikiamini alinisalimu, ila sikusikia. Redio nzima, betri nzima, sina tena pa kupima. Naogopa.

Nilipomrudishia Mama Odilia betri zake, alikataa.

"Na Jumapili ijayo utasikilizia nini?"

Nimezirudisha ndani ya redio. Salvatori, umefika?